Sauti Chini ya Wimbo

Brendah Akiteng alikuwa mtangazaji wa redio moja ndogo pale Amagoro, redio ya chumba kimoja na nusu, mnara wake umesimikwa nyuma ya duka la mbegu. Asubuhi ya tarehe ishirini na mbili Desemba, mkuu wake, mzee Egwang, aliingia studio amekunja uso. Akasikiliza dakika mbili, kisha akapunguza sauti kwa mkono wake mwenyewe.

"Akiteng, nyimbo hizi nimezisikia kwa supamaketi tangu Oktoba. Theluji, kengele, theluji tena. Nani hapa Teso amewahi kuona theluji? Nataka saa mbili za Krismasi ambazo mtu akizisikia ataacha kuchota maji asikilize. Mkesha ni kesho kutwa."

"Mzee, nimetafuta kwa mtandao wiki nzima."

"Basi toka kwa mtandao."

Kutafuta alikuwa ametafuta kweli. Alikuwa na akina mama wa Moding waliouchukua wimbo wa wachungaji wakauimba kwa mwendo wa kupepeta wimbi, ungo ndio ngoma yao. Alikuwa na mzee wa Khunyangu aliyeupiga wimbo wa hori la ng'ombe kwenye litungu lake, nyuzi zikilia kama mtu anayesimulia yaliyomkuta. Alikuwa na msichana wa Busia mjini aliyefoka kwa Kisamia habari za mfalme Herode, kwa hasira kama anayemfahamu. Lakini wimbo wa kufungulia kipindi, wa kumshika msikilizaji shati asiondoke, huo hakuwa nao.

Saa saba mchana Roselyn akapiga simu. Roselyn walisoma pamoja shule ya msingi, na sasa alikuwa akiuza chai na chapati kando ya barabara kuu, kati ya Amagoro na Malaba, mahali malori yanaposimama foleni kungoja kuvuka mpaka.

"Akiteng, wacha kila kitu ukuje. Hawa madereva wanaimba Krismasi. Mimi mwenyewe nimeunguza chapati."

Foleni ilikuwa siku ya nane. Kichwa chake kilikuwa Malaba mpakani, na mkia hakuna aliyejua umefika wapi. Mamia ya wanaume, Wakenya na Waganda, Warundi na Wakongo, walikuwa wakilala chini ya trela zao bila maji ya kuoga wala choo, na kila mmoja ana kwao anakongojewa. Akiteng aliposhuka kwenye pikipiki alihisi mara moja kwamba mambo si shwari. Wanaume walimtazama, kisha wakatazamana. Mazungumzo yalikatika alipokaribia, yakaunganika tena alipokwisha kupita.

"Wana nini hawa?" alimuuliza Roselyn.

Roselyn aliangalia kulia na kushoto kwanza. "Mwezi uliopita walitaka kugoma. Mtu akapeleka majina kwa wenye magari. Wanne wakafutwa kazi kwa meseji, wakiwa hapa hapa barabarani. Sasa hawa wengine wakamshika mmoja waliyemshuku, wakampiga mpaka taya ikavunjika. Baadaye ikajulikana hakuwa yeye." Alifuta mikono kwenye leso yake. "Kwa hivyo usiulize maswali. Rekodi wimbo, kunywa chai, enda nyumbani."

Waimbaji walikuwa wanane, wamesimama penye kivuli kati ya tangi la mafuta na lori la buluu. Aliyewaongoza aliitwa Barnabas, dereva wa makamo kutoka Butula, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi kisogoni. Akiteng alijitambulisha na kumweleza shida yake. Barnabas alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Redio. Sawa, dada. Lakini ni wimbo tu unarekodi?"

"Wimbo tu, boss."

Tatizo lilikuwa upepo. Ulikuwa ukivuma kutoka upande wa Tororo na kujaa kwenye simu yake. Akiteng alijaribu kuikinga kwa kiganja, ikashindikana. Hatimaye akaipachika juu ya tairi la mbele la lori la buluu, ndani kabisa ya madigadi, lile bati la kukinga matope, mahali upepo usipofika. Akabonyeza, akaiacha hapo, akarudi nyuma hatua kumi ili ausikilize wimbo kwa masikio yake.

Ulikuwa wimbo wa zamani wa usiku ule wa Bethlehemu, ambao makanisa ya kwao huuimba polepole kama watu wanaopanda mlima wakiwa na mizigo. Hawa waliuanza kwa pigo la mtungi mtupu. Dereva mmoja aliyeitwa Wandera aliupiga tako kwa kiganja, na mwenzake akajibu kwa spana ya magurudumu kwenye rimu. Kisha Warundi wawili wakaingia juu kabisa, sauti nyembamba kama waya, na Barnabas akawafuata chini kwa Kiswahili. Mkongomani mmoja alikuwa akizunguka katikati yao, haimbi maneno, anaguna tu, na mguno huo ndio ulioushika wimbo mzima usianguke. Ikawa habari ya watu waliofika mahali wakakosa pa kulala, na waliokuwa wakiiimba walikuwa watu wa namna hiyo hiyo. Akiteng alisahau kufikiria saa mbili za mzee Egwang.

Walipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Akiteng akaenda kuchomoa simu yake, akavaa visikizi vyake masikioni, akainamia kando ya tairi ili aone kama imeingia vizuri.

Ubeti wa kwanza ulikuwa safi kama maji ya chemchemi. Katika ubeti wa pili kulikuwa na kitu. Alidhani ni mtambo wa lori. Akarudisha nyuma, akaongeza sauti.

Alikuwa mtu. Mtu aliyesimama upande wa pili wa tairi lile lile, mdomo umeinamia simu yake mwenyewe, akinong'ona huku wenzake wakiimba.

"Andika, bosi. Kichwa yao ni Barnabas, huyo wa Butula. Wa pili ni Wandera wa lori ya saruji. Kesho alfajiri wanafunga barabara, magari matatu kwa upana. Lakini mimi usinitaje. Nakuomba, bosi, nina watoto."

Na juu ya maneno hayo, Warundi walikuwa wakimwimbia mtoto mchanga alale.

Akiteng akatoa visikizi masikioni. Kabla hajanyanyuka, aliona viatu viwili vya ngozi vimesimama mbele ya tairi. Alipoinua macho akamkuta mwanamume mnene wa shati la kijani, anaitazama simu, kisha anautazama mwanya wa madigadi ilimotoka simu, kisha anairudia simu. Uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu anayepiga hesabu na kuona jibu halimpendezi.

"Ulikuwa umeiweka hapo?" aliuliza.

Ilikuwa sauti ile ile.

Mtu yule hakumpa Akiteng nafasi ya kujibu. Aligeuka na kupaza sauti.

"Nyinyi! Kujeni muone! Huyu dada ameficha simu ndani ya gari! Anarekodi maneno yetu!"

Wimbo unakusanya watu polepole. Neno lile liliwakusanya kufumba na kufumbua. Walitoka chini ya trela, wakashuka kwenye kebini, mmoja ana povu la sabuni shavuni, mwingine ameshika jeki. Akiteng alijikuta mgongo umegusa bamba la lori, lenye moto wa jua la mchana kutwa, na hakuwa na pengine pa kusogea.

"Nani amekutuma?"

"Wewe ni wa kampuni gani?"

"Ile ya Novemba ilianza hivi hivi!"

Roselyn alijipenyeza kati yao, mwiko wa chapati bado mkononi. "Huyu ni wa redio! Mnamsikia kila asubuhi! Mimi ndio nilimwita!"

"Basi labda na wewe uko ndani," akasema wa shati la kijani. "Nipeni hiyo simu niivunje, tumalize maneno." Alinyoosha mkono. Akiteng akaibana simu kifuani. Vidole vyao viligusana, na vya yule mtu vilikuwa baridi kama vya mgonjwa.

"Collins, ngoja," sauti ikasema nyuma yao. Alikuwa Barnabas. Watu wakampisha. "Hakuna kuvunja kitu. Novemba tulivunja taya ya mtu bure. Dada amerekodi, basi tusikie alichorekodi."

"Ndiyo! Weka sauti juu, wote tusikie!"

Sasa wote wakamtazama yeye. Akiteng alijua kwamba kitu pekee kitakachomwokoa kilikuwa ndani ya simu ile. Angebonyeza mara moja tu, macho yote yangemwacha na kumhamia Collins, na yeye angeondoka na wimbo wake mkononi. Alimtazama mtu yule. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Hakuwa akipiga kelele tena. Alikuwa akimtazama Akiteng vile kuku anavyokitazama kisu, bila hata nguvu ya kukimbia. Na nyuma ya bega lake, yule mwenye jeki alikuwa akiihamisha kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.

"Siwezi," Akiteng akasema.

Manung'uniko yakapanda. "Huwezi? Mbona huwezi? Mnaona?"

"Siwezi kuweka wote msikie." Akavinyoosha visikizi mbele. "Asikize mmoja. Asikize huyu kiongozi wenu, kwa hivi visikizi, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akisema nina makosa, simu ni yenu, na mimi niko hapa."

"Ni hila hiyo!" Collins alisema, lakini ilitoka kavu, nusu nusu.

Barnabas alivua miwani, akaipangusa kwenye shati, akaivaa tena. Kisha akachukua visikizi.

Wimbo ule ulikuwa wa dakika nne na sekunde chache. Akiteng hajawahi kukaa dakika nne ndefu kama zile, hata siku aliyomngoja mama yake nje ya chumba cha upasuaji. Watu walikuwa wamekaribia mpaka akawa anasikia pumzi zao. Barnabas alisikiliza ameinamisha kichwa. Ubeti wa kwanza alitabasamu kidogo, kama mtu anayekutana na picha yake mwenyewe. Halafu tabasamu likakaa pale pale lilipokuwa, likakauka. Hakuinua macho. Aligusa kioo kwa kidole, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akarudisha tena.

Roselyn alikuwa amemshika Akiteng mkono. Baadaye alimwambia kwamba watu hao wawili, Barnabas na Collins, walikuwa wakisafiri pamoja miaka kumi na mmoja, lori nyuma ya lori, na kwamba mtoto wa tatu wa Collins alibatizwa kwa jina la Barnabas. Wakati ule Akiteng hakuyajua hayo. Alichokiona ni mishipa miwili iliyosimama kwenye shingo ya mwanamume mwembamba.

Barnabas akatoa visikizi.

"Kuna nini?" mtu akauliza.

"Kuna wimbo."

"Na nini tena?"

Lori moja mbele huko lilipiga honi, ikanyamaza. Barnabas alimwangalia Wandera, aliyekuwa bado ameukumbatia mtungi wake. Akamwangalia yule mwenye jeki. Collins alikuwa wa mwisho, na huyo alimtazama muda mrefu kuliko wote.

"Kuna upepo," alisema. "Umeharibu ubeti wa pili. Itabidi tuimbe upya."

Mtu mmoja alicheka kwa mshangao. Kifundo kilichokuwa kimekaza kati yao kikalegea kidogo. "Ndio hiyo tu? Na simu kufichwa?"

"Aliikinga upepo. Mimi nilimwona akiiweka." Huo ulikuwa uongo, maana Barnabas alikuwa amewageukia waimbaji. "Mrudishieni dada nafasi. Na wewe Collins, kuja hapa."

"Mimi siimbi, Barna. Unajua siimbi."

"Leo utaimba. Simama hapa karibu na mimi."

Wakajipanga tena. Safari hii Akiteng aliishika simu kwa mikono miwili, ameikinga kwa kitambaa cha kichwa alichopewa na Roselyn. Barnabas aliuweka mkono wake wa kushoto juu ya bega la Collins. Ukitazama kwa mbali ungesema ni marafiki. Akiteng alikuwa karibu, aliona vidole vilivyozama kwenye shati la kijani.

Wandera akapiga mtungi.

Wimbo haukuwa ule wa kwanza. Warundi waliingia juu mno na ikabidi waushushe katikati ya safari. Barnabas, aliyekuwa mpole mwanzo, sasa aliyatema maneno moja moja, kama anayemsomea mtu barua. Walipofika kwenye ubeti wa pili, kwenye mlango uliofungwa na mama asiye na pa kujilaza, Collins alifungua kinywa. Ilitoka sauti nzito isiyo na mafunzo, haijui iende wapi, ikapotea, ikarudi, na kwenye mstari wa mwisho ikakatika kabisa. Wenzake walidhani ameshindwa na wimbo. Mkongomani akamfunika kwa mguno wake, wakamaliza.

Watu wakatawanyika, wengine wakielekea kwa Roselyn kutafuta chai. Barnabas alimwongoza Collins hadi kwenye kebini ya lori lake mwenyewe, wakafunga mlango. Akiteng alisimama chini akiwa na simu yake. Alikuwa akingojea kelele, au kishindo cha mtu kupigwa. Hakusikia lolote. Baada ya muda kioo kiliteremshwa na Barnabas akamwita kwa kidole.

Akiteng akapanda. Ndani, Collins alikuwa ameketi uso kaufunika kwa mikono.

"Ile ya kwanza bado unayo?" Barnabas aliuliza.

"Ninayo."

"Ifute."

Akiteng aliitazama simu. Tangu aanze kazi ya redio hakuwahi kupata kitu kizuri kama kile. Hata chenye doa lile, alijua kuna njia ya kukata hapa na kuunga pale, ubeti wa kwanza na wa tatu, na hakuna msikilizaji ambaye angejua. Alifungua kinywa aseme hivyo.

"Dada," Barnabas akasema, "umeona ile jeki?"

Akaifuta, kisha akageuza simu ili Barnabas aone.

Hapo Collins alizungumza, bila kuinua kichwa. "Ungeweza kunimaliza. Nilikuwa nakusingizia, na ungeweza kunimaliza."

Moyoni Akiteng hakuwa na huruma naye, alikuwa na hofu tu ambayo ilikuwa bado haijamtoka mwilini. Alishuka, akanywa chai yote ya Roselyn bila kuhisi ladha, akarudi Amagoro.

Alfajiri iliyofuata polisi walifika kwenye foleni na watu wawili wa kampuni waliovaa suti. Walikuwa na majina mawili. Walikuta barabara iko wazi kama kawaida, malori yamejipanga kando, na Barnabas na Wandera wameketi kwenye benchi la Roselyn wakila chapati. Hakukuwa na kosa la kuwashika nalo. Wenye suti walizunguka zunguka, wakapiga simu, wakaondoka wamenuna. Roselyn aliyasimulia hayo kwa simu akicheka, na Akiteng akaketi chini kwenye ngazi ya studio.

Mkesha wa Krismasi, saa kumi jioni, alifungua kipindi kwa wimbo wa madereva. Kabla ya kuucheza alisema ulikotoka. Alisema hawa ni wanaume waliolala barabarani siku kumi, kilomita chache kutoka hapa, hawana maji, na kwamba mtu yeyote mwenye mtungi anajua njia. Kisha akauachia. Mzee Egwang alisimama mlangoni mpaka mwisho.

"Huyo anayekatika ubeti wa pili ni nani?" aliuliza.

"Dereva."

"Ungemtoa."

"Hapana, mzee. Huyo anabaki."

Mzee Egwang akaenda kwenye meza ya simu. Simu za wasikilizaji zilianza kuingia: Moding, Angurai, Busia, hata Tororo ng'ambo. Mama mmoja alisema ameusimamisha mkutano wa kanisa ili wausikilize. Kabla ya giza, akina mama wa Amagoro walikuwa wameonekana barabarani na mitungi kichwani. Na usiku huo foleni ikaanza kusogea. Haikusogea kwa ajili ya redio, kwa maana mambo ya mpaka yana wenyewe, lakini ilisogea.

Asubuhi ya Krismasi Akiteng alikuwa zamu. Nyimbo zake zilikuwa zikifuatana vizuri, ungo wa Moding ukipepeta wimbi hewani, simu ilipolia. Ilikuwa nambari ya Barnabas. Nyuma yake kulikuwa na ngurumo ya injini.

"Dada, tumevuka. Niko Tororo. Nilitaka tu kusema Krismasi njema."

"Krismasi njema, boss. Na Collins?"

"Yuko mbele yangu. Naona taa zake za nyuma."

"Mmepatana?"

Injini ilipanda, Barnabas akibadilisha gia.

"Hilo usiniulize leo," Barnabas akasema. "Nimemwambia atangulie. Sijaweza bado kumweka nyuma yangu."

Akamtakia siku njema, akakata. Wimbi likaisha kupepetwa, na Akiteng akainamia maikrofoni kumtambulisha mzee wa Khunyangu na litungu lake.